Variety: Wingi, au Mmoja Katika Wingi?



Ukiingia duka la pembejeo, iwe Njombe, Morogoro au Kitale, ukaomba mbegu ya mahindi, utapewa pakiti iliyojaa maandishi. Miongoni mwa maandishi hayo pana neno la Kiingereza, variety, na mbele yake jina au namba. Mkulima hasumbuki nalo. Anajua hilo ndilo jina la mbegu. Lakini mwanawe aliye kidato cha pili ameambiwa darasani kwamba variety ni hali ya kuwa na vitu vingi vya namna tofauti. Akiifungua pakiti haoni tofauti yoyote. Punje zote ni za mbegu moja, zimepakwa dawa ya rangi moja, na zikipandwa zitatoa mabua yanayokaribiana kimo na kubeleka kwa wakati mmoja. Je, mwalimu amekosea, au kampuni ya mbegu ndiyo iliyokosea?

Hakuna aliyekosea. Neno hili lina maana mbili zinazovutana. Huutaja wingi wa vitu visivyofanana, na hukitaja pia kimoja tu kati ya vitu hivyo, kilichotengwa na wenzake kwa sababu kina sura yake. Nimeamua kulizungumzia leo kwa kuwa mvutano huo haukubaki kwenye kamusi. Umeingia katika sheria za nchi zetu na katika mbegu wanazohifadhi bibi zetu darini, na unamgusa kila anayekula wali, ndizi au maharage.

Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno varius, wakilitumia kwa kitu chenye rangi zilizochanganyika, au ngozi ya mnyama yenye mabaka, au hali isiyotulia. Kutokana nalo wakapata varietas. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa, na kufikia karne ya 16 lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwao. Shakespeare, katika tamthilia yake ya Antony na Cleopatra, alimpa askari Enobarbus neno hilo ili amsifu malkia wa Misri: mwanamke asiyechosha, kwa kuwa wa leo siye wa jana. Hapo variety ni tabia ndani ya mtu mmoja, na haihesabiki.

Wengi wetu tumekutana na usemi wa Kiingereza unaoifanya variety kuwa kiungo kinachokoleza maisha. Chanzo chake ni mshairi William Cowper, katika shairi lake refu The Task, lililotoka mwaka 1785. Watu huutumia kuhimizana wajaribu mapya: chakula kipya, safari mpya, nguo mpya. Lakini ukiusoma ukurasa wenyewe unakuta Cowper hakuishia hapo. Alikuwa anazungumzia mitindo ya mavazi ya siku zake, na mara baada ya kuitaja ladha hiyo anawageukia watu wanaolitupa vazi zuri, lililovaliwa mara chache tu, wakakimbilia kioja kipya. Kwa hiyo maneno yanayotumiwa leo kuuza bidhaa mpya yalizaliwa ndani ya lawama. Nimeona niliseme hili kwa sababu usemi ukisafiri bila shairi lake hupoteza nusu ya akili ya aliyeutunga.

Tuje kwenye matumizi, na hapa nina ombi kwa wanafunzi na kwa sote tunaoandika barua za kiofisi kwa Kiingereza. Sikilizeni tofauti iliyo kati ya a variety of mangoes na a variety of mango. Ya kwanza ni maembe ya namna nyingi: dodo, boribo, ngowe na sindano kwenye sinia moja. Ya pili ni namna moja tu ya embe, tuseme dodo peke yake. Tofauti yote imebebwa na ule wingi mwishoni, na asiyeuzingatia huenda akaagiza shehena ya dodo tupu huku akidhani ameomba mchanganyiko.

Jambo jingine ni kosa ninalolikuta mara kwa mara katika ripoti zetu: varieties of reasons, varieties of challenges. Mwandishi anataka kusema sababu nyingi na tofauti, naye anadhani neno likitiwa katika wingi ndipo wingi utaonekana. Kumbe wingi umo tayari ndani ya a variety of. Ukisema varieties, msikilizaji wa Kiingereza anaanza kutafuta namna zenye majina, namna zinazoweza kuorodheshwa, kama za ndizi au za jibini. Sababu za mtu kuchelewa kazini hazina ukoo wala majina ya namna hiyo. Na kwa watu ni vibaya zaidi. A variety of people ni watu wa kila aina, nayo ni sawa. Varieties of people huwaweka binadamu kwenye meza ya mtaalamu wa mimea, akiwapanga kwa majani yao. Historia ya karne mbili zilizopita imetuonyesha mpango huo ulikowafikisha watu, na sioni sababu ya kuurudia hata kwa bahati mbaya ya sarufi.

Kitenzi kinachofuata nacho huyumbisha wengi. Ukisema a variety of books, vitabu ndivyo vinavyotajwa, kwa hiyo kitenzi huwa cha wingi. Ukisema the variety of books, unautaja utofauti wenyewe, na kitenzi hurudi kwenye umoja. Hilo halihitaji maelezo zaidi. Ukilisikia mara moja limetosha.

Wafanyabiashara waliiona mapema nguvu ya neno hili. Mwaka 1896 Henry Heinz, Mmarekani aliyekuwa akiuza vyakula vya chupa na makopo, aliona ndani ya treni tangazo la viatu lililojisifia mitindo 21. Akaamua bidhaa zake nazo zitangazwe kuwa varieties 57. Wakati huo kampuni ilikuwa tayari na bidhaa zaidi ya 60, lakini mwenyewe aliipenda 57, na namba hiyo ingali kwenye chupa zake mpaka leo.

Jukwaani neno lilipata maisha marefu zaidi. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na kumbi za muziki zilizoanzia kwenye vilabu vya pombe, watu wakinywa na kupokea viitikio. Wenye kumbi walipotaka familia nzima zije, wakajenga majumba makubwa na kuyaita ya variety: katika usiku mmoja mwimbaji anapanda, anafuatwa na mchekeshaji, kisha wanasarakasi, kisha mfanya mazingaombwe. Tarehe 1 Julai 1912 Mfalme George wa Tano alikwenda Palace Theatre, London, kutazama onyesho la namna hiyo, na sanaa iliyodharauliwa ikapata heshima ya ikulu. Marie Lloyd, mwimbaji kipenzi kuliko wote wa kumbi zile, hakuwekwa kwenye orodha. Huko Marekani sanaa hiyo iliitwa vaudeville, na gazeti alilolianzisha Sime Silverman jijini New York mwaka 1905 kwa ajili ya watu wa jukwaani liliitwa Variety tu. Lingali linachapishwa, ingawa siku hizi habari zake kubwa ni za filamu.

Nasi tuliyajua maonyesho hayo, hata kama hatukuyaita kwa Kiingereza. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 wanavikumbuka vikundi kama Muungano cha Norbert Chenga, na baadaye TOT cha Kapteni John Komba. Kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, kwaya, maigizo ya kuchekesha na taarabu yenye mipasho, na mtu wa Lindi aliitazama ngoma ya Wasukuma na nyoka wao bila kupanda treni ya Mwanza. Watafiti wa kigeni waliokuja kuandika juu ya vikundi hivyo hawakupata neno jingine la kuyaita maonyesho yale ila variety shows. Kwa maoni yangu walipatia. Ladha ya usiku ule ilikuwa katika kupokezana. Taarabu tupu mpaka alfajiri ingekuwa jambo lingine.

Wanaisimu nao wanalo neno hili, na wao ndio waliolitumia kwa nia niipendayo kuliko zote. Waliona kwamba neno dialect limeshika kutu ya dharau. Watu walidhani kuna lugha yenyewe, halafu pembeni kuna lahaja, yaani lugha iliyoharibika. Kwa hiyo wakasema: kila namna ya kusema ni variety, pamoja na ile inayofundishwa shuleni. Lugha sanifu ni mmoja wa ndugu, aliyepewa kazi ya kuandika vitabu na kuendesha ofisi.

Sisi tuna kisa chetu hapa. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji, msingi ukiwa Kiunguja. Uamuzi huo ulifaa kwa vitabu na mitihani. Bila huo pengine mimi nawe tusingesikilizana hivi. Lakini Kiamu kilikuwa na tenzi zake tangu karne nyingi, na Kimvita kilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyotungwa kabla hata ya Waingereza kuitawala Mombasa. Mtoto wa Mombasa aliyesema ndoo badala ya njoo, au mato badala ya macho, hakuwa ameiharibu lugha ya mtu. Alikuwa anasema lugha ya Muyaka. Nasikitika kila nisikiapo mwalimu anamwambia mtoto kama huyo kwamba Kiswahili chake kibovu.

Sasa tuingie shambani, kwa sababu huko ndiko maana zile mbili zinakoshikana mashati.

Carl Linnaeus, Msweden aliyevipa viumbe majina ya kitaalamu, katika kitabu chake cha mwaka 1753 alilitumia varietas kwa mimea ya spishi moja iliyotofautiana kidogo. Tazama genge lolote la mboga: kabichi, koliflawa, brokoli na sukuma wiki vimekaa bega kwa bega, na mnunuzi anaviona kuwa mimea minne. Kwa mtaalamu vyote ni spishi moja, Brassica oleracea. Wakulima wa kale waliichukua mboga hiyo ya mwitu. Waliopenda majani wakachagua majani, waliopenda kichwa wakachagua kichwa, waliopenda ua wakachagua ua, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1923 Mmarekani Liberty Hyde Bailey alipendekeza neno cultivar kwa namna kama hizi zilizotokana na mikono ya watu, ili zisichanganywe na zile zilizojizalia porini. Wataalamu wakalipokea, lakini wakulima, wauza mbegu na watunga sheria wakabaki na variety.

Mfano unaonionyesha kwa uchungu zaidi mgongano wa maana hizi ni Ireland. Maskini wa huko, hasa wa magharibi, walikula viazi, na viazi vyao kwa sehemu kubwa vilikuwa vya namna moja iliyoitwa Lumper, iliyozaa sana hata kwenye udongo dhaifu. Kiazi hupandwa kwa kiazi, hakihitaji mbegu ya ua, kwa hiyo kila shina la Lumper lilikuwa nakala ya jirani yake. Mwaka 1845 uliingia ugonjwa wa ukungu uliotoka Amerika, na Lumper haikuwa na kinga. Ugonjwa ulipopita shina moja ulikuwa umejifunza kupita yote. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kiasi hicho au zaidi wakaihama nchi. Utawala wa Waingereza nao una sehemu yake kubwa katika msiba huo, kwa kuwa chakula kingine kiliendelea kusafirishwa kwenda nje watu wakifa. Lakini kwa upande wa shamba jambo lilikuwa hili: Waayalandi walikuwa na variety, hawakuwa na variety. Kwenye milima ya Andes, asili ya kiazi, wakulima walikuwa na viazi vya namna maelfu.

Msidhani ni mambo ya kale. Ndizi iliyouzwa duniani kote mwanzoni mwa karne ya 20 ni Gros Michel, ile ambayo Waganda huiita bogoya. Kuvu iishiyo ardhini ikayaua mashamba yake Amerika ya Kati na Karibi, na kufikia miaka ya 1960 makampuni yalikuwa yamehamia Cavendish. Nayo Cavendish imelimwa kwa mtindo uleule, nakala kwa nakala, na sasa imepatikana kuvu mpya inayoiweza. Mwaka 2013 ilithibitishwa kuwa imeingia Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mwenye mgomba wa mzuzu, wa kisukari, wa mkono wa tembo na wa mshale katika shamba moja ana kinga ambayo mwenye hekari mia za Cavendish hana, japo sokoni huyu wa pili ndiye aitwaye mkulima wa kisasa.

Kutoka shambani mvutano huo umeingia pia katika sheria. Mwaka 1961 nchi kadhaa za Ulaya zilitia saini mjini Paris mkataba wa kuwalinda wagunduzi wa mbegu mpya, na chombo chake hujulikana kwa herufi UPOV. Kenya ilijiunga mwaka 1999. Tanzania ilitunga sheria yake ya haki za wagunduzi wa mbegu mwaka 2012, ikajiunga mwaka 2015. Ili mbegu ilindwe, sharti iwe mpya, itofautiane na zinazojulikana, mimea yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike ikizalishwa tena. Lirudie sharti la tatu polepole: ifanane yenyewe kwa yenyewe. Neno lililozaliwa likiwa na maana ya mabaka na madoadoa, sheria imelivalisha sare.

Sitaki kuwaonea wagunduzi. Kutoa mbegu mpya ni kazi ya miaka mingi, na mkulima ana haki ya kujua anachonunua, hasa sasa ambapo mbegu feki zimejaa. H611, mahindi chotara yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, yalipatikana kwa kuyakutanisha mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador, na yaliongeza mavuno katika nyanda za juu za Kenya kuliko wengi walivyotarajia. Mashina yanayokomaa pamoja huvunwa pamoja. Lakini ukiweka punje za chotara ukazipanda msimu unaofuata, ufanano unavunjika: huyu mrefu, yule mfupi, huyu gunzi jembamba. Mkulima hurudi dukani, na malipo ya ufanano ni hayo.

Ninachokipigania ni upande wa pili. Nenda Rwanda, Burundi au Kigoma uangalie bakuli la mbegu ya maharage la mama mkulima. Mekundu, meupe, ya njano, yenye madoa, makubwa na madogo, yote pamoja, na mchanganyiko huo si uzembe. Mvua ikizidi, haya yataoza na yale yatasimama. Ukame ukija, yatapokezana zamu. Mama huyo anaujua uwiano wake na huurekebisha kila msimu. Kwa maana ya kwanza ya neno letu, bakuli lile limejaa variety. Kwa maana ya kisheria, bakuli lile si variety hata moja, kwa sababu halifanani lenyewe kwa lenyewe. Hakuna ofisi itakayolisajili, na ujuzi wa mwenye nalo hauna pa kuandikwa jina.

Tanzania imeacha mlango mdogo kwa utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambao wakulima wenyewe huzalisha na kuuziana karibu na kwao, chini ya ukaguzi mwepesi. Ni jambo jema, ila huhusu mbegu zilizokwisha kusajiliwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 wa nasaba za mimea ya chakula unazitambua haki za wakulima kwa mbegu walizozitunza, lakini utekelezaji wake umeachiwa kila serikali. Benki ya mbegu ya taifa iliyoko Arusha, na ya Kenya iliyoko Muguga, huzihifadhi mbegu za kienyeji kwenye baridi, na kazi hiyo naithamini sana. Hata hivyo mbegu iliyo ndani ya jokofu haijifunzi ukame wa mwaka huu. Iliyo shambani hujifunza. Ndiyo maana nasema sheria ziwe na nafasi ya mbegu isiyovaa sare, iandikwe kwa jina lake na la kijiji chake, na mwenye nayo asiwe na hofu ya kumpa jirani.

Majina yenyewe yapo, na ni mazuri. Kwenye mpunga tuna Kahogo, Shingo ya Mwali, Kula na Bwana, Supa. Mengine yanajulikana katika kata moja tu na wazee watatu. Kwa hiyo tunawaomba mtuandikie kwa anwani ya kipindi hiki, au mtutumie sauti kwa simu: jina la mbegu ya kwenu, iwe ya mpunga, maharage, ndizi, mtama au muhogo; inapandwa wapi; inakomaa kwa miezi mingapi; inavumilia nini; na hupikwaje. Msiogope kama jirani anaiita kwa jina jingine, andikeni yote mawili. Wiki ijayo tutaanza kuyasoma, tukianzia na mpunga.